Mtamba wa Bwana Mifugo

Mume wa mama yangu ni mwanamke. Nalisema mapema ili anayetaka kushangaa ashangae, amalize, tuendelee. Kwetu Susuni hashangai mtu. Mwanamke mwenye ng'ombe ambaye hakupata mtoto wa kiume anaruhusiwa na mila kuoa mke ili nyumba yake isife. Sisi Wakurya tunaiita nyumba ntobhu. Anapeleka mahari kama mwanamume yeyote, mke anakuja, na watoto watakaozaliwa wanakuwa wake na wa ukoo wa marehemu mumewe, hata kama kijiji kizima kinajua wamepatikana kwa nani.

Bibi yangu alizaa mabinti watupu. Wakaolewa wote, mmoja baada ya mwingine, akabaki na zizi limejaa na nyumba isiyo na mrithi. Akaenda upande wa Serengeti, Nyansurura, akamposa mama yangu, ambaye baba yake alikuwa Mwikoma na mama yake Mkurya. Ng'ombe wakaenda, mama akaja, na baadaye nikaja mimi.

Jinsi nilivyokuja pia si siri. Wakati huo serikali ilikuwa imetuletea bwana mifugo kutoka Lindi, Mwislamu, kijana mrefu wa kwenye mikorosho aliyekuja kutibu ng'ombe wa watu waliozaliwa zizini. Nasikia siku za mwanzo aliogopa pembe mpaka wenye ng'ombe wakawa wanamwonea huruma. Mama anasema alimpendea upole wake. Bibi anasema alimruhusu aje kwa sababu ya urefu, maana ukoo wetu ulikuwa umeanza kuwa wa wafupi. Masharti alipewa na Bibi mwenyewe, uso kwa uso: aje, ale, alale akitaka, lakini mtoto si wake. Akakubali. Watu wengi wa kuja hukubali mambo ya kwetu kabla hawajayaelewa.

Basi nilikua nikimwita Bwana Mifugo, kama kila mtu. Yeye aliniita "binti," neno ambalo mtu anaweza kumwita mtoto wa yeyote bila kuvunja sharti la mtu. Alipohamishiwa Mugumu aliendelea kuja kwa basi, na korosho kwenye mfuko kila alipotoka likizo kwao. Bibi, ambaye hajawahi kuingia kanisani wala msikitini, alikuwa anamfungia kuku akiwa hai mpaka mwenyewe afike amchinje kwa dini yake. Alisema hataki mgeni ale kwake huku ana wasiwasi. Mama naye alikuwa mtu wa kanisani. Tulikuwa tukikaa kula, kila mmoja anasali kivyake, na mimi nilikuwa nasema amina kwa wote ili chakula kisipoe.

Nilipoanza darasa la kwanza, mwalimu mgeni kutoka Mbeya aliniuliza baba yangu anafanya kazi gani. Nikamjibu kwamba Bibi anafuga. Darasa zima lilinyamaza kwa sababu halikuona cha kucheka. Aliyecheka ni mwalimu. Nilikasirika, nikamwambia kama haamini aende nyumbani akamwulize. Bahati mbaya yake, alikwenda. Bibi alimkalisha, akampa maziwa ya mgando, akamweleza ukoo wetu kuanzia juu mpaka jua likaanza kushuka, na kila alipojaribu kuaga alijaziwa kikombe. Baada ya siku hiyo mwalimu yule alikuwa akinipisha mlangoni.

Hasira zangu nimezirithi kwa Bibi, ingawa damu yangu na yake hazikutani hata tone. Nimezirithi kwa kuziangalia. Yeye alikuwa anahudhuria ritongo, ule mkutano wa ukoo ambao wanaume huamua mambo ya mipaka, mifugo na ugomvi, na wanawake husubiri kuambiwa kilichoamuliwa. Bibi hakusubiri. Alibeba kigoda chake akakiweka walipokaa wenye maboma, kwa hoja kwamba na yeye ana boma na ana mke. Wakamwacha akae. Nilikuwa nakaa karibu na miguu yake, nikiona namna anavyoacha wanaume waongee mpaka wachoke, halafu anakohoa. Kikohozi kile kilitosha kunyamazisha watu.

Lakini Bibi alikuwa akigombana sana, na hapo ndipo mama alipofanya kazi yake. Bibi akigombana jioni na jirani kuhusu mpaka wa shamba la muhogo, asubuhi mama anakwenda kwa jirani yule yule kuomba chumvi. Chumvi tulikuwa nayo. Nilimwambia mara moja kwamba anatudhalilisha. Akaniambia kwamba yeye si wa upande wa Bibi wala wa jirani, yeye ametoka Nyansurura, na mtu aliyetoka mbali anatakiwa ajue nyumba zote zinazoweza kumfungulia mlango.

Bwana Mifugo yeye alinifundisha bila kujua kwamba ananifundisha. Likizo moja nilimfuata kwenda kutibu ng'ombe wa mzee mmoja. Ng'ombe amelala chini, anahema, na Bwana Mifugo amekaa kwenye jiwe anamwuliza mzee maswali: aliacha kula lini, alichungwa wapi, mwaka jana waliugua wangapi, mama mzee hajambo? Nilishindwa kuvumilia nikamwuliza kwa nini hamwangalii ng'ombe. Akacheka. "Nikimgusa kabla sijamsikiliza mwenyewe, hata nikimponya atasema ilikuwa bahati," alisema. Nimekaa kwenye mikutano mingi ya maji na ya shule tangu wakati huo, na sijaona kosa ambalo viongozi wetu hulifanya mara nyingi zaidi kuliko hilo la kugusa kabla ya kusikiliza.

Sasa nieleze habari ya uenyekiti.

Nilikuwa na duka la pembejeo na dawa za mifugo, nimekuwa kwenye kamati ya maji, na watu walinizoea kwa sababu nasema. Uchaguzi wa kijiji ulipokaribia, akina mama kadhaa na vijana wakaja dukani wakaniambia nichukue fomu nigombee uenyekiti. Nilitaka. Sitajifanya kwamba nilisukumwa. Nilikitaka kile kiti kwa sababu bomba la maji lilikuwa limekwamia kwenye mabishano ya koo mbili, na niliamini ninaweza kuwakalisha. Nilichokiogopa ni kitu kimoja tu, na kilianza siku ile ile niliyochukua fomu. Watu wakaanza kunong'ona kwamba sina baba. Wengine wakasema baba yangu ni mtu wa kuja, wa huko Kusini, kwa hiyo mimi si wa hapa. Cha ajabu, waliosema sina baba na waliosema baba yangu ametoka Kusini walikuwa watu wale wale.

Bibi alisema tuwapuuze. Mila iko wazi: mtoto ni wa zizi lililotoa ng'ombe. Wazee walijua hivyo, na minong'ono ingekufa yenyewe. Ingekufa kweli, kama Bwana Mifugo asingenisaidia.

Alikuwa amestaafu na bado anaishi Mugumu. Aliposikia nagombea, furaha ilimzidi. Alifikiri kunipa pesa, akaona pesa ni rushwa na itaniharibia. Akawaza zaidi. Akajiambia kwamba anakwenda kwa watu wa ng'ombe, na zawadi ya heshima kwa watu wa ng'ombe inajulikana. Akanunua mtamba mzuri mwenye rangi ya maziwa na madoa meusi, akampakia kwenye kirikuu, akaja naye mchana kweupe mpaka mlangoni kwa Bibi.

Nilipigiwa simu dukani. Nilipofika nilimkuta Bibi amesimama kwenye lango la boma na fimbo mkononi, na Bwana Mifugo ameshika kamba, amevaa kofia yake ya ibada na shati lililopigwa pasi.

"Huyu haingii," Bibi alikuwa anasema.

"Mama, ni zawadi tu. Ya binti."

"Ndiyo maana nasema haingii."

Miaka yote ile mtu huyu aliwachanja ng'ombe wetu, akawazalisha, akawapasua, na kumbe hakujua ng'ombe anasema nini akipelekwa nyumbani kwa mtu. Kwetu, mwanamume aliyezaa na mke wa nyumba ntobhu akileta ng'ombe kwenye boma hilo anasema neno moja: nimekuja kumchukua mtoto wangu. Hakuna ng'ombe wa salamu wala ng'ombe wa hongera. Kama Bibi angempokea yule mtamba, angekuwa amekubali kunitoa. Nami ningekuwa nimetoka Susuni kwa sheria ya mila, siku chache kabla ya kura, na kuwa binti wa Lindi, mahali ambapo sijawahi kukanyaga.

Kumrudisha nako kulikuwa na shida. Kirikuu kikiondoka na ng'ombe aliyekataliwa, kijiji kingesema nyumba mbili zinanigombania, wazee wangelazimika kukaa, na hakuna anayempigia kura mtoto ambaye kesi yake haijaamuliwa. Kwa hiyo mtamba akafungwa nje, kwenye mti wa mjohoro ulio kati ya barabara na lango, akawa hajaingia na hajaondoka. Bodaboda zikaanza kupunguza mwendo. Kabla ya magharibi picha yake ilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la kata, na chini yake mtu ameandika: Mwenyewe kaja kuchukua chake.

Nilimwuliza Bwana Mifugo kwa ukali kama alifikiri ng'ombe ni keki ya harusi. Alikaa kwenye jiwe, akavua kofia, akaipapasa kwa vidole. Halafu akasema taratibu, "Nilitaka na mimi nionekane nimetoa kitu." Hasira zikaniisha. Nikaingia jikoni kwa sababu sikutaka anione machozi.

Mama alikuwa jikoni anakoroga uji na hakuonekana kuhangaika. Aliniuliza kama kuna mtu amemsikia Bwana Mifugo akisema neno "nampa." Nikasema alisema zawadi. "Aliisema kwa Bibi," mama alisema. "Majirani walikuwa mbali. Kwetu Nyansurura, zizi la baba lilikuwa na ng'ombe wengi wa watu kuliko wake mwenyewe. Mtu anamwekesha rafiki yake ng'ombe, rafiki anakamua, na ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Na hapa Susuni wanafanya hivyo hivyo. Aseme ni wake, amekuja kumwekesha."

Aliyemwekesha ng'ombe hajatoa kitu, kwa hiyo hawezi kudai kitu. Niliona nimpigie mama yangu magoti.

Asubuhi tulimwita balozi wa nyumba kumi na yule jirani wa mpaka wa muhogo, maana jirani huyo akishuhudia jambo hakibaki kijiji kisicholisikia. Bwana Mifugo alisimama pale kwenye mjohoro akasema kama alivyofundishwa: "Ng'ombe huyu ni wangu. Mimi naishi mjini, sina malisho. Naomba Mama anitunzie."

"Maziwa ya nani?" Bibi akauliza.

"Yako, Mama."

"Ndama?"

"Tutaongea."

"Hatutaongea. Ndama wa kwanza wako, anayefuata wangu. Na akiugua unamtibu wewe, usiniletee mambo ya kustaafu."

Jirani alicheka mpaka akashika mti. Bibi alifungua lango, mtamba akaingia. Nilimtazama Bwana Mifugo akimsindikiza kwa macho. Alikuwa na furaha kwamba kosa lake limepata dawa, lakini mtamba aliyemleta kama zawadi kwa mtoto wake ilibidi amwekeshe kwa bibi kizee. Nilimhurumia sana.

Usiku huo huo Bibi aliniita akanipa amri. Minong'ono imepungua lakini haijaisha, alisema, na kwenye mkutano wa chama wa kumpata mgombea lazima nitaulizwa. "Ukiulizwa wewe ni wa nani, nitaje mimi. Yule usimtaje. Ukimtaja mbele ya watu unanivua nguo." Nikamwambia nimesikia.

Mkutano ulifanyika darasani, shule ya msingi, wajumbe wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kifuani. Bibi alikuwa mstari wa mbele, kwenye kigoda chake, kwa sababu alikuwa mjumbe na kwa sababu ni Bibi. Mama alikuwa na akina mama wenzake karibu na dirisha. Bwana Mifugo hakuwa mjumbe, lakini alikuja kutoka Mugumu akakaa nje ya mlango wa nyuma, pamoja na vijana wa bodaboda waliokuwa wanasubiri abiria. Niliona bega lake na nusu ya kofia.

Niliongea habari ya bomba, nikaeleza ninavyotaka koo zile mbili zikae. Watu walisikiliza vizuri. Kisha mzee mmoja, mwenye ng'ombe wengi, ambaye mpinzani wangu ni mpwa wake, akasimama.

"Mambo ya maji tumeyasikia," alisema. "Mimi ni mtu wa zamani, nauliza ya zamani. Kiti hiki kinakaliwa na mtu anayejulikana. Wewe ni wa nani? Maana tunasikia ni wa Bibi hapa, na tunasikia kuna mtu wa kuja, mtu wa kutangatanga na sindano, na yeye anasema ni wake. Tusije tukachagua mtu asiye na kwao."

Jibu nilikuwa nalo mdomoni, lile nililopewa. Lingetosha. Lakini alivyosema "wa kutangatanga na sindano" niliona lile bega mlangoni likirudi nyuma kidogo, ili lisionekane. Nikaona katika wajumbe mwalimu wa kutoka Singida, na muuguzi wa zahanati ambaye kwao ni Kagera, wote wawili wakiangalia meza. Nikajua kwamba nikimficha huyu mmoja leo, nitakuwa nawaongoza wote hawa huku wakijua ninavyowaona.

"Mimi ni wa Bibi," nilisema. "Ng'ombe waliokwenda Nyansurura kumchukua mama yangu walitoka kwenye zizi lake, na katika watu wazima humu hakuna asiyelijua hilo. Nyumba yake ni nyumba yangu, na nitazikwa huko. Lakini aliyenizaa ni yule aliyekaa nje ya mlango. Anatoka Lindi. Sindano yake imeingia kwa ng'ombe wa kila mtu aliye humu ndani, na alipowatibu wa kwako, mzee, nilikuwepo. Sina kwetu pungufu. Ninako kwingi, na sitakana hata kumoja ili nipewe kiti."

Nilikaa.

Hakuna aliyekuwa ananiangalia mimi. Walikuwa wanamwangalia Bibi. Nilikuwa nimemtaja. Aliyeumizwa kwa mila ni yeye, na kama angeinuka na kuchukua kigoda chake akatoka, jambo langu lingekuwa limeisha pale pale, hata kama ningeongea mpaka kesho. Mama alikuwa ameshika dirisha. Bibi alikuwa anaangalia ubao. Kisha akageuka mzima mzima, kwa shida, maana shingo haigeuki tena peke yake, akaangalia mlango wa nyuma.

"Wewe," alisema kwa Kiswahili chake kigumu. "Unakaa huko na watoto wa pikipiki kwa nini? Ingia. Kaa hapa."

Bwana Mifugo aliingia amejikunja kama mtu anayepita mbele ya wanaoswali. Wajumbe wakasogea. Akakaa kwenye ncha ya dawati, karibu na kigoda cha Bibi, na Bibi akarudi kuangalia ubao. Mwenyekiti wa mkutano akatuambia tupige kura.

Kura zilihesabiwa mbele yetu, na kwa muda nilikuwa nyuma. Ziliponifikisha mbele zilinifikisha kwa chache, na zikaishia hapo. Akina mama walipiga vigelegele. Muuguzi alinikumbatia na alikuwa analia, nami nikalia naye. Baadaye kwenye uchaguzi wenyewe nilishinda kwa wepesi zaidi, na leo bomba lile linatoa maji, lakini ushindi ninaoukumbuka ni wa darasani.

Bibi hakunipongeza. Nilipopita karibu alinishika mkono, akaubinya kwa nguvu mpaka nikaumia. "Nilikukataza," alisema.

"Ndiyo, Bibi."

"Nyumbani tutaongea."

Wakati huo yule mzee aliyeniuliza swali alikuwa amejipenyeza kati ya madawati kuja kwetu. Niliandaa maneno, maana bado nilikuwa na moto. Hakuja kwangu. Alimsalimia Bibi, kisha akasimama mbele ya Bwana Mifugo, akampa mkono.

"Hongera ya mtoto," alimwambia.

Bwana Mifugo alishika ule mkono. Nilikuwa nimekwisha kuwa mtu mzima, na maishani sikuwahi kusikia mtu akimwambia neno hilo. Aligeuza uso akamwangalia Bibi kwanza. Bibi naye akamwangalia, muda mrefu, kwa jicho lile la ritongo.

"Jibu basi," alimwambia. "Si umepewa hongera?"